Kanzu, Baskeli na Masika

Mie mtu wa heshima zangu, napewa shikamoo hata na watoto nisiowajua. Lakini Ijumaa hii nimetoka Fuoni kwa baskeli na kanzu nyeupe pe, nikaingia msikitini nina mstari wa tope mgongoni, umenyooka kutoka kiunoni mpaka shingoni. Sina habari. Narukuu, nasikia safu ya nyuma mtu anakohoa kile kikohozi cha kumeza kicheko.

Madigadi ya nyuma iling'oka tangu kaskazi. Nikasema masika mbali.

Basi nimekwenda kwa fundi, pale chini ya mkungu. Namwambia najitayarisha na mvua, nataka madigadi, na tone la mafuta kwenye mnyororo. Hakujibu. Kaipindua baskeli miguu juu, kazungusha gurudumu, katega sikio.

"Sheikh, hii inaumwa."

"Inaumwa nini?"

"Gololi."

Sijasema ndiyo, keshafungua ekseli, gololi zote ndani ya kopo la maziwa lenye mafuta ya taa. Kazihesabu kwa kidole cheusi. Upande mmoja tisa, upande wa pili nane. Kaniangalia kama ile ya tisa nimeila mie.

Mvua ikashuka. Fundi kajitia chini ya turubai, yeye na kopo lake. Ikaadhiniwa alasiri, akasema "nakuja". Nimebaki na baskeli miguu juu, kama mbuzi anayesubiri kisu. Karudi saa kumi na moja, anatafuna andazi.

"Haya, madigadi?"

"Zimekwisha. Masika haya kila mtu anazitaka."

"Sasa gololi umenifungulia za nini?"

"Si umesema unajitayarisha na mvua?"

Yakhe, nilitaka kulia!

Breki wacha. Ringi zikirowa unabana Amani unasimama Darajani. Tandiko nalo, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kwetu Zanzibar tangu 2006, basi nimelivisha kofia ya kuogea ya mama watoto. Anaitafuta. Msimwambie.

Mpwa wangu yuko Denmark, ananituliza kwa sauti za simu. Ati huko barafu ikishika njia, wapo wanaovisha baskeli matairi yenye misumari. Misumari! Mie nikikanyaga mmoja Mwanakwerekwe nalipa kutolewa, wenzetu wanalipa kutiwa, tena kwa mamia. Na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu inawala minyororo. Hapo nikamwambia, mwanangu, sisi chumvi tunaletewa na upepo wa bahari, bure.

Kanambia pia njia ikiteleza nipunguze upepo kidogo, tairi likamate. Hilo nimeshalitimiza. Upepo umepungua wenyewe, pampu kaiazima jirani tangu Maulidi. Leo alfajiri nimemgongea, katoa kichwa dirishani.

"Mzee wangu, pampu anayo shemeji."

"Shemeji yuko wapi?"

"Wete."

Pampu yangu imepanda boti imekwenda Pemba! Mie mwenyewe Pemba sijafika mwaka wa sita huu.