Vyeti 11, na bado nilisimama gizani

Nina faili la plastiki la bluu, lile la kufunga kwa kifungo, nalitunza chini ya godoro pamoja na hati ya kiwanja cha mama. Ndani yake mna vyeti 11. Kuna cha uigizaji, cha uandishi wa michezo, cha sanaa shirikishi, cha uongozi kwa wasanii vijana, viwili vya kuandika andiko la mradi, na kimoja cha kitu kilichoitwa "kujitambua". Vyote vina mihuri, na nembo za wafadhili zimepangwa mstari chini kama timu ya mpira inayopigwa picha.

Siku niliyopanda jukwaa la kweli kwa mara ya kwanza, lenye taa za kuning'inia na pazia na watu waliolipa kiingilio, nilisema maneno yangu yote bila kukosea hata moja. Nilipotoka, fundi taa, mzee wa rika la baba yangu, alikuwa ananisubiri pembeni. Nikamwamkia. "Marahaba," akaitikia. "Ila mwanangu, umeigizia gizani mwanzo mpaka mwisho. Sauti tumeisikia. Wewe hatukukuona."

Taa ilikuwa hatua moja kushoto kwangu. Ukumbi ulipobaki mtupu akanipandisha tena, akawasha ile taa moja, akaniambia nifumbe macho nitembee taratibu. "Usiitafute kwa macho. Sikilizia joto usoni. Likikolea, umefika." Dakika kumi tu. Katika yote niliyofundishwa kuhusu jukwaa, hilo ndilo lililonikaa, na halina cheti. (Siku hizi kumbi zetu nyingi zinakodi taa za LED ambazo hazikupi joto lolote la maana, kwa hiyo hata ujanja wa mzee unaelekea kustaafu. Kwa LED shika hili: ukiiona taa, na yenyewe inakuona.)

Nasimulia haya kwa sababu haipiti mwezi bila kijana kunitumia tangazo kwenye WhatsApp: "Dada shikamoo, hii fursa vipi, niombe?" Nikilifungua, mara nyingi ni warsha ya siku tatu. Huwa namjibu aombe, maana chakula kipo na nauli inarudishwa. Halafu najisikia vibaya, kwa sababu nilitakiwa nimwambie ukweli wote. Basi leo nauandika. Mafunzo tunayo tele. Kinachotuua ni kukosa mausiku, yaani yale maonyesho ya kurudia na kurudia igizo lilelile mpaka mwili ulijue.

Kwa asiyewahi kuhudhuria, warsha yenyewe iko hivi. Ukumbi wa mikutano wa hoteli, viti vimevishwa vitambaa vyeupe na kufungwa fundo mgongoni kama harusini. Chini zulia, juu kiyoyozi kinachokausha koo. Unasaini karatasi mbili, ya mahudhurio na ya posho. Mkufunzi anatuweka duara, kila mtu ataje jina lake na mnyama anayempenda. Kisha zoezi la kuaminiana: fumba macho, jiachie nyuma, mwenzako akudake. Nimedakwa na watu nisiowajua mara nyingi kuliko mtoto wa kwanza katika ukoo. Siku ya pili ni kupumua kwa tumbo, na kujiuliza mhusika wako anataka nini. Siku ya tatu tunagawanywa makundi, kila kundi linatoa kaigizo ka dakika tano, mgeni rasmi anachelewa, anafika, anahutubia, vyeti, picha ya pamoja, kwaherini.

Sina ugomvi na kupumua kwa tumbo. Tatizo ni kwamba warsha inayofuata, ya mfadhili mwingine, inaanzia tena kwenye duara na mnyama. Kwa miaka sita nimesoma darasa la kwanza mara 11. Darasa la pili sikuwahi kulifikia, na sidhani kama lilikuwepo, maana darasa la pili halifundishiki juu ya zulia. Lile ni la kugundua kwamba kichekesho kilichowaua watu Ijumaa, Jumamosi kimeanguka kama gunia la mkaa, na Jumapili lazima upande tena na hujui ulikosea wapi.

Tupige hesabu kidogo. Chukua washiriki 25, posho ya 50,000 kwa siku, siku tatu. Hiyo ni 3,750,000, kabla hujalipia ukumbi wala chakula. Sasa chukua waigizaji watano, uwape 25,000 kila mmoja kwa kila onyesho, wacheze mausiku 30. Hiyo nayo ni 3,750,000. Najua mwenye ukumbi atataka chake, na mwenye taa na jenereta atataka chake. Lakini hata hoteli ile ilitaka chake, na hatukumsikia mtu akilalamika.

Mausiku 30! Mimi katika maisha yangu yote sijawahi kucheza igizo moja zaidi ya mara sita. Tunafanya mazoezi miezi miwili, tunaonyesha Ijumaa na Jumamosi, tunavunja. Fikiria fundi seremala aliyetengeneza kiti kimoja tu cha kila aina maishani mwake, halafu tunamshangaa miguu ya viti vyake haikai sawa.

Waliotutangulia hawakukulia hivyo. Waulize watu wazima wa Dar es Salaam kuhusu vikundi viwili vya sanaa, Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga na TOT (Tanzania One Theatre) ya Kapteni John Komba, na jinsi mji ulivyogawanyika baina yao miaka ya 90. Usiku mmoja ulikuwa na ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, kisha taarabu mpaka watu wachoke kutunza. Ukumbi wenyewe mara nyingi ulikuwa baa. Mwigizaji alisimama mbele ya watu wenye bia mezani, na igizo likipwaya watu wanageukia bia zao, huna la kuwafanya. Kesho yake ukumbi mwingine, keshokutwa mwingine. Hakuna mkufunzi mkali kama mlevi aliyelipa kiingilio. Baadaye televisheni ikaja na Kaole, kundi lililoonekana ITV kila wiki, na humo ndimo alimopita Steven Kanumba kabla filamu hazijamchukua. Unaweza kuzisema utakavyo kazi zile, sauti ilikuwa ya kubahatisha na ukuta wa sebule ulikuwa uleule, lakini watu walikuwa wanafanya kazi wiki hadi wiki.

Wenzetu wa Kenya bado wana njia ya namna hiyo, na sijui kama wao wenyewe wanaihesabu kuwa chuo. Kuna makundi yanayozunguka shule za sekondari na tamthilia zinazotahiniwa. Asubuhi shule hii, mchana shule ile, mavazi kwenye mabegi, jukwaa ni bwalo lenye harufu ya maharage. Mbele yako mamia ya wanafunzi walioisoma tamthilia mpaka wanajua sentensi yako inayofuata kabla yako. Ukiiruka wanaguna. Rafiki yangu wa Nakuru aliyeifanya kazi hiyo misimu miwili ana kitu mwilini ambacho vyeti vyangu 11 havijanipa: hababaiki. Umeme ukikatika katikati ya onyesho, anashusha pumzi, anaongeza sauti, anaendelea. Na kabla ya hapo alishapita kwenye mashindano ya drama ya shule, ambako igizo moja linapanda ngazi kwa ngazi kuelekea taifa, na kila ngazi wanalipiga msasa upya.

Ukitaka kujua kwamba hili si geni kwetu, nenda Unguja ukaangalie kikundi cha taarabu kikifanya mazoezi. Ikhwani Safaa wapo tangu 1905. Kijana mwenye fidla anakaa nyuma ya wakubwa, anafuata, akipotea anashusha upinde kimya, akiipata tena anaingia. Miaka. Hakuna anayempa kofia na fulana.

Nisiwe mchoyo wa fadhila. Bagamoyo ipo. Chuo cha Sanaa kilianza 1981, tangu 2007 tunakiita TaSUBa, ukumbi wake uliungua 2002 na mpya ukafunguliwa 2008, na katika yote hayo kimeendelea kutoa watu. Mimi sikusoma pale na wivu ninao. Mhitimu wa Bagamoyo namjua kwa anavyosimama tu: ngoma, sarakasi na maigizo vimepita kwenye mwili mmoja, na mwili haujasahau. Swali langu ni kuhusu Jumatatu inayofuata mahafali. Anakwenda wapi? Wengi ninaowafahamu walikwenda kucheza ngoma hotelini, dakika 15 wakati wageni wanakula, huku mhudumu akipita mbele yao na trei. Ni kazi halali na inalipa kodi ya chumba. Lakini igizo je?

Kuna jingine linaloniuma zaidi, nalo linahusu tunachofundishwa kukipenda. Mwaka 1982 na 1983 Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, wasomi wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walifanya kazi Malya, mkoani Mwanza, wakiwa na wanakijiji na ngoma zao, wakichimba mambo yaliyowasumbua wenyewe kijijini, mimba za wasichana na vijana kukosa kazi. Walikwenda na kurudi, si safari moja. Kutoka kwenye mbegu ile sisi tumevuna nini? Kuigiza kipeperushi. Unapewa mada, ujumbe mkuu mmoja, jumbe ndogo tatu, na igizo lazima liishe na baba mkorofi akikiri kosa. Nimemcheza mke wa huyo baba mara nyingi. Anakiri, tunaimba, tunaondoka na Land Cruiser. Kijana aliyelelewa na kazi hizi tu, ukimpa mhusika asiyetubu, anakuuliza, "Sasa funzo lake ni nini?" Hana kosa, ndivyo alivyofunzwa.

Na jukwaa si waigizaji peke yao. Mwaka jana nilibandika tangazo dogo kwamba natafuta watu. Waliojitokeza kuigiza walikuwa 40 na ushee. Wa kusimamia jukwaa, yaani kukaa gizani na daftari, kujua kikombe kiko upande gani na nani aingie lini, hakuja hata mmoja. Wa taa alikuja mmoja, DJ wa harusi, mtu mzuri sana, ila kila mtu akifa jukwaani alikuwa anawasha rangi ya zambarau. Fundi mshona mavazi tulimpata sokoni, anashona sare za shule. Katika warsha zote nilizopita, sikumbuki hata saa moja iliyotengwa kwa watu hawa. Yule mzee wa joto la uso ameshastaafu, na sijui aliyabakiza kwa nani aliyokuwa nayo.

Hivyo kijana unayeniuliza kuhusu tangazo, angalia kwanza kama mwisho wake kuna watazamaji wasio ndugu zako wala washiriki wenzako. Angalia kama kuna mtu mzoefu utakayekaa naye kwa miezi, hata kama kazi yako ni kumbebea waya. Vitu hivyo vikikosekana, nenda kwa ajili ya chakula na marafiki, na usijidanganye zaidi ya hapo. Marafiki si haba, watatu wa kundi langu la sasa niliwapata kwenye duara la wanyama. Twiga, simba, na mmoja aliyesema konokono, nikajua huyo atanifaa.

Na wenye fedha, kama mnasoma: si lazima kila kitu kiwe onyesho kubwa. Mwaka 2010 taasisi ya Sundance ya Marekani ilileta waandishi wa tamthilia wa ukanda huu kisiwani Manda, Lamu, wakapewa waigizaji na muda wa kuandika, kusikiliza, kufuta na kuandika tena. Muda, basi. Tangu 2014 Kampala ina tamasha la kimataifa la thieta ambamo miswada ambayo bado haijaiva husomwa mbele ya watu. Kusoma mswada mbele ya watu 30 kunahitaji viti na karatasi. Na kama mnalipa, lipeni kundi moja kwa msimu mzima badala ya makundi kumi kwa wikendi. Tena maandiko yapokeeni kwa Kiswahili. Namjua mtambaji wa Mtwara anayeweza kukushika masaa mawili usiende hata chooni, lakini ukimwambia aandike Kiingereza cha "malengo mahususi" anaonekana hana la kusema.

Sisi hatukungoja. Kuna ua wa nyumba ya shangazi yake Konokono huku Mwananyamala, mwembe katikati, kamba ya nguo tumeigeuza ya pazia. Igizo la watu wanne, dakika 50, kila Alhamisi. Kiingilio 2,000, mtoto wa mtaani hapo bure kwa sababu hata ukimkatalia atapanda ukuta. Onyesho la kwanza walikuja watu 11, saba ni ukoo wa shangazi. La tano jirani alifungulia redio kwa makusudi. La tisa yule binti wetu mdogo kuliko wote alikuwa kwenye ugomvi na mume wake wa jukwaani, akasogea nusu hatua kulia bila kuangalia chini, na taa ikamkuta usoni. Sikuwahi kumwelekeza. Niliandika kwenye daftari tu: "Kaiona."

Alhamisi hii ni onyesho la 14. Tunaanza saa moja jioni. Mvua ikinyesha tunahamia kibarazani, kwa hiyo njoo na kigoda chako.