Saratani ya titi iliyosambaa: je, mionzi inastahili safari ya Dar?

Mama mdogo alipanda basi Lindi mjini alfajiri, khanga mbili zimekunjwa chini ya nyonga ya kushoto. Kila tuta alikamata kiti cha mbele kwa mikono miwili, akafumba macho. Saratani ya titi ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa, nasi tulikuwa tukienda Ocean Road, hospitali ya saratani jijini Dar, zaidi ya kilomita 400, kufuata mionzi ambayo daktari alituambia wazi kuwa haitamponya.

Nyumbani tuliacha ubishi. Kaka yake, mjomba wetu, aliuliza: kama haiponyi, kwa nini tumtese barabarani? Hoja yake si ya kupuuzwa. Anayepangiwa dozi kumi hukaa Dar wiki mbili, kwa ndugu Mbagala au chumba cha kulipia, na anayemuuguza ameacha mikorosho yake. Tena nafuu haiji siku ile ile. Huchukua wiki moja hadi nne, na siku za mwanzo maumivu yanaweza kuzidi. Aliyebakiza siku za kuhesabika, mimi nisingemtoa kitandani. Morfini ya kunywa na watu wake karibu vinamfaa zaidi.

Ila mjomba alipima mionzi kwa kuponya tu. Mwenye saratani ya titi iliyosambaa kwenye mifupa pekee anaweza kuishi miaka kadhaa kwa dawa, na kuishi miaka hiyo bila kulala usiku ni adhabu. Katika wagonjwa kumi wanaopigwa mionzi kwenye mfupa unaouma, kama sita hupata nafuu. Na kuna jambo ambalo sisi hatukuambiwa hadi tulipouliza: mfupa ukiwa unauma tu, haujavunjika wala uti wa mgongo haujabanwa, dozi moja ya grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi) hutuliza maumivu sawa na dozi kumi. Tofauti huonekana baadaye. Waliopigwa mara moja, karibu mmoja kati ya watano hulazimika kupigwa tena. Waliopigwa mara nyingi, chini ya mmoja kati ya kumi. Anayeishi Ilala anaweza kuchagua kumi. Wa Lindi au Newala aulize kuhusu ile moja kabla hajakata tiketi.

Kulipiga mionzi titi lenyewe ili kurefusha maisha, hapo namuunga mkono mjomba. Utafiti wa Hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, uliochapishwa mwaka 2015 kwa wanawake 350, ulionyesha kuwa kutibu titi kwa upasuaji na mionzi baada ya saratani kusambaa hakukuwaongezea uhai. Titi likiwa na kidonda kinachotoa damu na harufu, hilo ni suala jingine. Mionzi husaidia kukikausha.

Pasipo mjadala kabisa ni miguu. Mgonjwa akianza kuishiwa nguvu miguuni, au mkojo ukagoma, uti wa mgongo huenda umebanwa. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Anayefika kwenye mionzi akiwa bado anatembea ndiye mwenye nafasi kubwa ya kuendelea kutembea.

Mama mdogo alipigwa mara moja. Wiki ya tatu nilimkuta uani ameketi kwenye mbuzi, anakuna nazi. Miezi saba baadaye nyonga ikaanza tena, na safari hiyo mjomba ndiye aliyekwenda kukata tiketi.