Kosa moja, mmoja kaitwa kikaoni mwingine kaongea na bosi yakaisha

Kuna kesi inanisumbua mpaka leo, ya madereva wawili wa sehemu moja hapa Dodoma, enzi hizo mi ni mwakilishi wa wafanyakazi. Wote walikutwa dizeli imepungua kwenye lori, wiki ileile, njia ileile ya kufata mahindi Kibaigwa. Mmoja akapewa onyo la mdomo, mwenzie akafukuzwa. Watu wakachachamaa, upendeleo huo!

Nilivyotulia nikaona mwajiri ana hoja. Kanuni za 2007 zilizo chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 zinamtaka asibague anapoachisha watu kwa kosa moja, ila hizohizo zinamwambia amwangalie na mtu mwenyewe, kafanya kazi miaka mingapi, faili lake likoje. Aliyeonywa alikuwa na miaka 11 hana doa, mwenzie alishapewa onyo la mwisho kwa mambo hayohayo ya mafuta. Na bosi akijua huruma ya leo kesho kila mtu ataidai, hatamhurumia mtu tena, na hapo tunaumia sisi.

Shida yangu ni njia iliyotumika. Yule wa miaka 11 aliitwa na meneja wakaongea yakaisha, hata karatasi hakuna. Mwenzie kapewa barua ya tuhuma saa kumi jioni, kesho yake saa tatu asubuhi yuko kikaoni peke yake, wakati kanuni inasema muda wa kujiandaa kwa kawaida usipungue saa 48 na aruhusiwe kuja na mtu wa chama au mfanyakazi mwenzie. Mwenyekiti ni meneja huyohuyo aliyepima mafuta! Sasa utajuaje adhabu zilistahili kutofautiana kama hujawasikiliza wote? Fundi alishasema tenki la lile lori linavuja, hakuna aliyemuita.

Wengine watasema mwenye malori sita atatoa wapi mwenyekiti asiyehusika. Hilo naelewa, ni gumu kweli, lakini kumpa mtu siku mbili na kumuita fundi kunagharimu nini?

Jamaa alikaa akisubiri hasira za meneja zipoe, alipokuja kwenda CMA, ile tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, siku 30 za kulalamikia kuachishwa zilishapita, ikabidi kwanza aombe kuongezewa muda kabla hata hajaulizwa habari ya dizeli.