Mzigo wa Punda wa Lamu Anaupanga Nani?

Mashua ya mawe kutoka kisiwa cha Manda ikishatia nanga pale pwani ya Lamu, punda huwa wameshajipanga. Mawe yanaingia kwenye shogi, ule mfuko wa mgongoni unaoning'inia ubavu huu na huu. Anayepakia hana mizani. Anaangalia miguu ya mbele. Ikianza kutetemeka amejua mzigo umetosha, na mara nyingi huongeza jiwe moja. Halafu ni kijiti na "simile! simile!" kupanda vichochoro vya Langoni, watu wakijibana ukutani kumpisha.

Wanaopiga kampeni dhidi ya ukatili wanayo hoja, tena nzito. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inamhesabia kosa anayempiga mnyama kikatili au kumbebesha kupita nguvu zake. Wenye dini hawahitaji hata kwenda mahakamani: Mtume alipita penye punda aliyepigwa chapa ya moto usoni, akamlaani aliyemfanyia. Na kidonda cha mgongoni, kile chekundu kilichojaa nzi chini ya gunia, hakina utetezi. Nimekiona, na mwenyewe alikuwa akipakia juu yake.

Lakini wasikilize na wenye punda. Mji wa kale, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, una njia ambazo gari haliwezi kupita. Kila nyumba inayokarabatiwa ikapigwa picha na watalii, mchanga wake, saruji yake na boriti zake zilifika juu ya mgongo. Linalowakera ni kwamba anayewapiga picha na kuwaita makatili ndiye huyo huyo aliyeagiza viroba mia vya mchanga na kutaka vifike kabla ya adhuhuri. Hapo nasimama nao, ingawa si kwa yote.

Tazama malipo yanavyokwenda. Kazi ikilipwa kwa kiroba, mchunga punda anarundika ili apunguze safari. Ikilipwa kwa safari, mwenye ujenzi ndiye anayehimiza shogi lijazwe. Kwa vyovyote, anayebeba hakuwepo kwenye mapatano. Wazee walisema punda afe mzigo wa bwana ufike, na katika msemo huo bwana hana kijiti mkononi. Kijiti anacho kijana wa kibarua, mara nyingi hata punda si wake. Kampeni inayomkamata huyo peke yake inakamata mkia.

Wapo wasemao dawa ni kumwondoa punda kabisa, kazi wachukue bodaboda na mikokoteni. Mimi sioni hivyo. Punda asiye na kazi Lamu hapelekwi malishoni. Anaachwa azurure jalalani, ale mifuko ya plastiki. Na bara tumeona punda anavyothaminiwa akiwa maiti: ngozi yake huchemshwa kupata ejiao, dawa inayouzwa China. Serikali ilipiga marufuku machinjio ya punda mwaka 2020, mahakama ikaitengua marufuku hiyo 2021, hadi Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipokubaliana kusimamisha biashara hiyo ya ngozi kwa miaka 15.

Kilichofaa zaidi hapa kisiwani, kwa maoni yangu, hakikuanza kwa kelele. Shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary lilifungua kituo chake Lamu mwaka 1987, na matibabu ni bure. Mwenye punda anayejua kwamba kidonda kitasafishwa bila kulipa humleta mapema. Hata mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri yana maana kuliko wengi wanavyodhani. Mtu wa Lamu anaona haya ya jirani kuliko ya polisi.

Bado zahanati inatibu kidonda, na kesho yake shogi linarudi palepale. Ndiyo maana ningependa kibali cha ujenzi kiwe na mstari mmoja wa ziada: viroba vingapi kwa punda mmoja, na atakayejibu vikizidi ni mwenye nyumba na fundi wake mkuu, kabla ya yule kijana wa kijiti. Wengine watasema mstari huo utapandisha gharama ya kujenga. Utapandisha, naam. Gharama hiyo ipo tangu zamani, ila alikuwa akiilipa punda.