Hizo Kilo Tatu Zilikuwa Maji

Kwa kuwa shemeji yangu amekwisha kutuma katika kundi la familia ujumbe wa sauti wa dakika nne, ambao dakika tatu na nusu kati yake ni kicheko, na kwa kuwa ujumbe huo umekwisha kufika Musoma kwa mama mkwe, Mwanza kwa wavuvi nilioanza nao kazi, na hata kwa mchungaji wetu hapa Minneapolis, ambaye juzi alinisalimu akiutazama mguu wangu wa kulia badala ya uso, naona ni haki yangu nami nieleze yaliyotokea Jumamosi tulipokwenda kuvua samaki juu ya barafu. Sikatai kwamba nilivuliwa. Ninachokataa ni uzito uliotangazwa, kilo 84. Mimi nina kilo 81. Hizo tatu za ziada zilikuwa maji yaliyojaa ndani ya buti.

Wanaonifuata kwa muda mrefu wanajua kwamba nilizaliwa Igombe, kando ya Ziwa Victoria, na wanajua hivyo kwa sababu sijawahi kuwaacha wasahau. Tangu nihamie Minnesota sijapitisha wiki bila kumweleza mtu habari za sangara wa zaidi ya kilo 100, wala sijawahi kukosa nafasi ya kusema kwamba samaki wa maana hukaa kilindini, na kwamba anayetafuta samaki penye maji ya kimo cha mtu anatafuta vyura. Kwa hiyo shemeji aliponialika twende na mzee mmoja, Mmarekani aliyestaafu kazi ambayo waliifanya pamoja, tukavue wolai, samaki wa maziwa ya huku ambaye kwa Kiingereza huitwa walleye, juu ya barafu katika ziwa la Upper Red Lake, swali langu la kwanza lilikuwa kina. Nikaambiwa kwamba sehemu kubwa ya ziwa hilo haizidi mita 5. Nilicheka kwa mwendo wa saa nne na ushee, yaani njia nzima ya kwenda kaskazini, nikimkumbusha shemeji kwamba ziwa letu lina mahali panapofika mita 80 hivi. Naomba mkikumbuke kicheko hicho, maana shemeji amekikumbuka vizuri sana.

Mzee hakucheka wala hakubishana. Alituongoza juu ya barafu, tukiliacha nyuma yetu ziwa lote lililo wazi, mpaka karibu na matete ya ufukweni, akapima, akasema hapa maji hayafiki mita 2, na hapa ndipo. Nilimwuliza kwa adabu kama hatungeweza kwenda penye kina. Akanijibu kwa upole kwamba penye kina ni ziwa jingine.

Kisha akaeleza, na kwa haki yake nieleze kama alivyoeleza, kwa kuwa kila neno alilolisema lilikuja kunihukumu baadaye. Wolai ndiye samaki rasmi wa jimbo la Minnesota tangu mwaka 1965. Katika ziwa hili alikuwa amevuliwa mno kiasi kwamba mwaka 1999 uvuvi wake ulisimamishwa kabisa, vifaranga wakapandikizwa, na watu hawakuruhusiwa kumvua tena hadi mwaka 2006. Nyuma ya jicho lake lipo tabaka linalorudisha mwanga kama kioo, kwa hiyo jua likizama, wakati samaki wadogo wanaanza kupapasa gizani, yeye anaona vizuri kabisa, na huo ndio wakati anaosogea ufukweni kuwala. Hafuati kina, anafuata chakula na giza. Lakini akiwa kwenye maji machache huwa mwoga. Barafu juu ya maji machache ni kama ngozi ya ngoma: ukiikanyaga kwa kishindo, aliye chini anasikia kuliko wewe. Ndiyo maana matundu hutobolewa alasiri, kabla hajafika, kisha watu wanakaa kimya. Kwetu dagaa huitwa kwa taa usiku wa giza. Mzee huyu alituamuru tuzime hata mwanga wa simu.

Akatoboa matundu matatu kwa mstari, moja la kila mtu, akasimamisha hema juu yake, akawasha jiko dogo la gesi, akatupa kila mmoja ndoo ya kukalia. Ilikuwa saa kumi kamili. Alipokwisha akaweka kidole mdomoni.

Hapo ndipo mtoto wa Igombe alipokumbuka sheria. Wakati wa barafu jimbo hili linamruhusu mvuvi mmoja kutumia mishipi miwili, nami nilikuwa nimelipia leseni kwa fedha yangu mwenyewe. Nikachukua keekee ya betri, nikatoboa tundu la nne, upana wa sentimita 25, nyuma kidogo ya ndoo yangu, katikati ya tundu langu na la shemeji. Keekee ilinguruma kama pikipiki, ikapita sentimita 45 za barafu, maji yakapanda, na mzee akafumba macho kama mtu anayesikiliza habari ya msiba. Nilipomaliza nikagundua kwamba fimbo yangu ya pili imebaki garini, na kwenda garini kulimaanisha kukanyaga barafu, jambo ambalo lilikuwa limekwisha kupigwa marufuku. Tundu likabaki wazi, bila mshipi, bila kazi. Mnaoniuliza tangu juzi tundu lile lilikuwa la nini, hilo ndilo jibu langu lote.

Tulikaa kimya karibu saa nzima. Mzee alinong'ona mara moja tu, kusema kwamba kelele yangu imewarudisha nyuma na lazima tuwasubiri upya. Nje ilikuwa nyuzi 23 chini ya sifuri, ndani ya hema tulikuwa na joto la kutosha kuvua glavu, na mwanga uliokuwa ukipenya kwenye kitambaa ukageuka kutoka weupe hadi buluu, kisha kijivu.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano mshipi wangu uligongwa. Sikugongwa kama sangara anavyogonga, ambaye hukujulisha kwamba amefika na anaondoka na mali yako. Huyu aligonga kama jirani anayeomba chumvi. Nikainua fimbo, nikahisi uzito, uzito ukahisi mimi, ukakimbia kuelekea upande wa shemeji. Na mimi, baada ya miaka yote ya kuwasimulia watu utulivu wa mvuvi wa kweli, nikaruka wima nikapiga kelele, "Sangara!"

Ndoo ilianguka, ikabiringika. Nilirudi hatua moja nyuma ili kukaza mshipi. Hatua hiyo ilikuwa nzuri. Nikarudi ya pili.

Kisigino kilitua kwenye ukingo wa tundu la nne, kikateleza, na mguu wangu wa kulia ukaanza kushuka. Nasema ukaanza, kwa sababu nilipata nafasi ya kufikiri mambo matatu kabla haujafika mwisho. Kwanza nilifikiri kwamba barafu yote imepasuka na nimekufa. (Mama mkwe, kwa heshima kabisa, barafu haikupasuka, mamlaka za hapa hushauri angalau sentimita 10 kwa mtu anayetembea kwa miguu, nasi tulikuwa na zaidi ya mara nne ya hizo. Aliyepasua ni mkweo, kwa keekee.) Pili nilifikiri kwamba sitaiachia fimbo, watanizika nayo. Tatu nilifikiri kwamba maji si baridi kama wanavyosema, na nilikuwa bado katika wazo hilo yalipopanda juu ya buti, yakaingia kwa ndani, yakashuka taratibu hadi kwenye vidole, kidole kimoja baada ya kingine, kama watu wanaopanga foleni. Paja likakwama. Mguu wa kushoto ulibaki umekunjwa pembeni juu ya barafu kwa namna ambayo sikujua kwamba bado unaweza, na uso wangu ukawa sawasawa na goti la shemeji.

Mshipi wangu ukalegea. Samaki alikuwa ameondoka. Lakini kabla ya kuondoka alikuwa ameuzungukia mshipi wa shemeji na kuuvuta kuelekea upande wangu, na ndoano ya shemeji, iliyokuwa ikielea bila mwenyewe chini ya barafu, ikakutana na pindo la suruali yangu ya baridi.

Fimbo ya shemeji ikapinda.

"Ninaye!" akasema.

"Shemeji, ni mimi."

"Nyamaza, utamtisha!"

Akakaza. Mguu wangu, huko chini usikoonekana, ukavutwa kwa upande kuelekea tundu lake. Nikapiga teke ili kujinasua, na kila teke lilimpa yeye furaha mpya. "Ni mkubwa! Anapigana! Mzee, njoo, ni mkubwa!" Nikasema tena kwamba ni mimi, safari hii kwa sauti ya juu, na yeye, bila kunitazama, macho yote yakiwa kwenye tundu lake, akanijibu kwamba nami nitapata wangu, nisiwe na wivu.

Ndugu zangu, ujumbe wa sauti haukutaja kilichofuata. Nilipogeuza shingo nikamwona mzee anakuja kwa magoti, taa kichwani, na mkononi ameshika kulabu ya chuma, ile ambayo hutumika kumkamata samaki mkubwa anapofika kwenye mdomo wa tundu. Alikuwa anakuja kumsaidia shemeji. Aliinama, akamulika ndani ya tundu la shemeji, kulabu tayari. Akautazama mshipi. Akaona kwamba hauendi chini. Akaufuata kwa macho, polepole, ukipita kwa upande chini ya barafu, akainua kichwa sambamba nao, hatua kwa hatua, mpaka taa yake ikanifikia usoni. Tulitazamana. Sijawahi kutazamwa na mtu kwa muda mrefu kiasi kile bila kuulizwa jina.

Akaiweka kulabu chini, akamgusa shemeji begani, akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyekuwa bado anashika sheria ya ukimya: "Huyu amezidi urefu unaoruhusiwa. Itabidi umrudishe."

Yaliyobaki ni machache. Walinishika makwapani wakanichomoa, ndoano ikakatwa, na mbele ya jiko la gesi, kwa amri ya mzee ambaye hakutaka vidole vigande, nikavuliwa mara ya pili, safari hii suruali, na aliyenivua ni kaka wa mke wangu. Nilifungwa blanketi. Buti liliwekwa nje ya hema kwa makosa, na baada ya muda mfupi lilikuwa limesimama lenyewe, gumu kama jiwe, picha ambayo mmekwisha kuiona. Sikuumia popote panapoonekana. Anayetaka kuniandikia kwamba mdharau mwiba mguu huota tende asijisumbue, watu kumi na moja wamekwisha kuniandikia, na mmoja wao ni mke wangu.

Karibu saa moja usiku, shemeji alipokuwa amechoka kucheka na kimya kimerudi kwa sababu nilikuwa nimeamua kutozungumza na mtu, mzee alisogeza ndoo yake taratibu, akateremsha mshipi katika tundu la nne, lile langu, lile lisilokuwa na kazi. Hazikupita dakika kumi akamtoa wolai wa sentimita 46, mwenye rangi ya dhahabu, na taa ilipompitia jicho lake liling'aa kama la paka. Akafuatiwa na wa pili. Maji yale, nakumbusha, hayafiki mita 2. Mzee alinionyesha yule wa kwanza, akalitazama tundu, akanitazama mimi niliyekuwa ndani ya blanketi, akasema kwamba mahali nilipachagua vizuri.

Tuliwakaanga usiku huohuo, na walikuwa watamu.

Jana mama mkwe alipiga simu. Alinipa pole kwa utaratibu wote, akauliza habari za mguu, za baridi, za kazi. Kisha akanyamaza kidogo, nikasikia nyuma yake watu wanajizuia, akauliza kama ni kweli kwamba mwanawe alinirudisha majini kwa sababu ya sheria, au ni kwa sababu alinikuta sina nyama.