Tuta la Prudhoe Bay na tuta la Makupa

Nikipiga simu Mombasa, ami yangu hana swali jingine: "Huko bahari yajaa?" Namwambia haijai. Hapa Prudhoe Bay, kaskazini kabisa mwa Alaska, maji hupanda na kupwa kama sentimita 20 tu. Aliyezoea bamvua la Kilindini hata hatayaona yakipanda. Huku bahari huendeshwa na upepo.

Naendesha basi la wafanyakazi wa mafuta, zamu ya wiki mbili. Njia yangu hupita juu ya tuta la Endicott, yaani barabara iliyoinuliwa juu ya bahari kwa kokoto, lililojengwa 1985 kuelekea visiwa vya kutengenezwa vyenye visima. Julai, matlai ikivuma, simama pale penye daraja lake: huku maji ya kahawia ya mto Sagavanirktok, yana uvuguvugu, kule maji ya kijani, baridi ya kukata vidole. Maji ya mto ni mepesi, hutambaa na ufuo. Yakikuta tuta husukumwa nje, na nyuma yake yale mazito ya chumvi huibuka kutoka chini. Samaki wadogo waliokuwa wakifuata uvuguvugu hukwama hapo.

Tuta jirani, West Dock, lilikuwa na mwanya wa futi 50 wa kupitisha maji na samaki, mwembamba kama njia ya panya. Majira ya baridi ya 1995/96 wenye mafuta wakafungua mwingine wa futi 650. Nisije nikaambiwa nasifu uzunguni: walimwaga kokoto kwanza, mwanya mpana ukaja baadaye, maana daraja ni ghali. Ila Wainupiat, wenyeji wa kijiji cha Nuiqsut, wanaotega nyavu za samaki aitwaye qaaktaq chini ya barafu ya mto Colville, walipoingiwa na wasiwasi juu ya samaki wao, kulikuwa na watu wanaopima joto na chumvi kiangazi baada ya kiangazi.

Kwetu tuta la Makupa liliziba maji kati ya hori la Tudor na la Port Reitz miongo mingi, mpaka daraja likafunguliwa 2022. Ami alikuwa akisema tangu mimi mdogo, "Maji haya yamelala," huku akikung'uta wavu uliojaa tope na mifuko ya plastiki. Sikuwahi kuona mtu akija na daftari kumwuliza. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata tuta lenyewe.

Siku hizi ananiambia mkondo wapita chini ya daraja, wavuta dau. Nimemtumia kipimajoto cha maji. Amenijibu: chapima na homa?