Kabla ya kununua seva kubwa, kagua waya

Mafaili yakianza kufunguka kwa kusuasua, wazo la kwanza huwa kununua seva yenye prosesa ya nguvu zaidi. Napinga. Seva ya mafaili haifanyi hesabu nzito. Kazi yake ni kutoa data kwenye diski na kuipitisha kwenye waya, na mara nyingi waya ndio unaobana.

Piga hesabu. Kebo ya gigabiti 1 kwa sekunde kwenye karatasi hupitisha megabaiti 125 kwa sekunde, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Kiuhalisia ni 110 hivi. Kompyuta 10 za kuhariri video zikivuta kwa pamoja kutoka seva iliyochomekwa kwenye swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao) kwa kebo moja kama hiyo, kila moja inaambulia megabaiti 11. Faili la gigabaiti 4, ambalo lingefika kwa sekunde 40, sasa linachukua dakika sita.

Hakuna haja ya kubomoa kila kitu. Kompyuta zibaki kwenye gigabiti 1, ila kipande cha kutoka seva hadi swichi kiwe cha gigabiti 10. Tafuta swichi yenye angalau matundu mawili ya kasi hiyo, moja la seva na jingine la mashine ya nakala rudufu. Kuunganisha kebo mbili za gigabiti 1 ziwe kama moja husaidia watumiaji wakiwa wengi, lakini kwa kawaida mawasiliano ya kompyuta moja hupita kwenye kebo moja tu, kwa hiyo mtu mmoja hataona kasi ikiongezeka maradufu.

Kwa gigabiti 10, kebo ya daraja la Cat6 inatosha hadi mita 55 hivi; zaidi ya hapo weka Cat6A, inayofika mita 100. Kebo za alumini iliyopakwa shaba usizipokee hata kwa bure.

Kuna hitilafu moja inayojificha vibaya sana. Gigabiti 1 inahitaji jozi zote nne za nyaya, lakini megabiti 100 inahitaji mbili tu. Waya mmoja ukibanwa vibaya kwenye plagi, kompyuta huweza kushuka hadi 100 kimyakimya: taa inawaka, mafaili yanafunguka, na mtumiaji anateseka kwa miezi akidhani seva imezeeka. Fungua mipangilio ya mtandao usome kasi ya muunganisho. Ikiwa ni 100, kata plagi, panga nyaya upya bila kufumua jozi zaidi ya milimita 13, kisha pima kwa programu ya iperf3, ambayo hupima waya bila kugusa diski. Ukipata chini ya megabiti 900, bado kuna kasoro.

Waya ukishapanuka, zamu ya kubana inahamia kwenye diski. Diski ya kuzunguka hutoa megabaiti 200 kwa sekunde ikisoma faili moja kubwa; watu kumi wakiiita kwa pamoja, kichwa chake kinarukaruka na kasi inaporomoka. Kazi zinazoendelea ziweke kwenye SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka), zilizokwisha ziende kwenye diski za kuzunguka.

Na tafadhali, RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, si nakala rudufu. Faili likifutwa kimakosa, linafutika kwenye diski zote sekunde ileile. Weka nakala tatu, moja ikiwa nje ya jengo, na kila mwezi rejesha folda moja kwenye kompyuta nyingine, ufungue mafaili yake moja baada ya jingine.